Vinia ya meza ya zamani imebanduka na kupotea sehemu chache, nizibeje?

Tunu_M
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na samani za zamani.

Nina meza ya kuandikia ya zamani kweli. Mwili wake ni mbao ya kawaida, juu imevishwa vinia ya mahogani, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyogandishwa juu yake. Vinia imebanduka na kupotea sehemu tatu: kona ya mbele, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba juu ya droo, na vidoa kama punje za mchele katikati. Kwingine kote ni nzima na inavutia, ndiyo maana sitaki kuibandua yote nianze upya. Fundi mmoja kaniambia nijaze puti nipige rangi, lakini moyo umekataa. Inawezekana kuweka kiraka cha mbao halisi? Na kitaonekana?

RandaKali
Moyo wako uko sahihi. Puti haina nyuzi, na kwenye mbao jicho hukamata nyuzi zilizokatika hata kama rangi imelingana. Vile vidoa vya punje ya mchele ndivyo pekee ningejaza, kwa nta ngumu ya kuzibia inayokaribiana na rangi ya meza. Hayo mapengo mengine mawili yanataka kiraka.

Ila usishike kisu bado. Gonga kwa ukucha kuzunguka kila pengo. Panapotoa sauti ya uwazi, vinia imeachia hata kama kwa macho inaonekana imekaa. Ingiza gundi hapo, bana, acha ikauke kabisa. Ukikata kando ya vinia iliyoachia, itavunjika na pengo litakua mikononi mwako.

Sasa umbo. Wengi hukata mraba kwa sababu ni rahisi kupima, na mraba ndio unaoonekana kuliko yote. Mkato unaopita sambamba na nyuzi hujificha wenyewe; unaozikata nyuzi moja kwa moja unabaki mstari milele. Kwa hiyo kipe kiraka umbo la mtumbwi, ncha mbili zikielekea nyuzi zinakokwenda, ili kila mkato upite kwa mshazari. Utapoteza vinia nzima kidogo pembeni. Usiionee huruma.

Usipanue pengo kwanza halafu ukahangaika kutafuta kipande cha kulijaa. Kata kiraka kikiwa kikubwa kidogo kuliko pengo, kilaze juu yake, kishike kwa selotepu ya karatasi, kisha pitisha ncha ya kisu kikali kukizunguka. Alama hiyo ndiyo mpaka wako. Ondoa vinia iliyo ndani yake kwa patasi nyembamba.

Tunu_M
Asante sana mkuu. Nimepima vinia yangu pale ukingoni, inafika kama milimita 1.5. Ninazoziona zikiuzwa ni nyembamba kama karatasi nene.

MamaSamani
Unene huo unakuambia umri wake, dada. Vinia za zamani zilipasuliwa kwa msumeno, zikatoka nene. Za sasa hukatwa kwa kisu cha mashine na nyingi zina kama nusu milimita. Una njia mbili: gandisha tabaka tatu au nne pamoja, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, au tafuta samani kuukuu isiyofaa tena uchukue vinia yake. Mimi ya pili ndiyo naipenda, maana mbao iliyozeeka ina rangi ambayo huwezi kuipika. Kiraka kizidi uso wa meza kwa unene wa karatasi, ukisawazishe baadaye. Kikiwa chini ya uso huna la kufanya.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau: kiweke kipande kikavu mahali pake, kisha zunguka meza ukikitazama. Kizungushe ncha hii ije ilipokuwa ile, tazama tena. Mahogani hurudisha mwanga kulingana na nyuzi zilivyolala, hivyo kipande kilekile kinaweza kung'aa ukisimama huku na kuwa cheusi ukisimama kule. Tia alama ya penseli upande uliopatana na meza.

Kuijua rangi yake ya mwisho, kifute kwa spiriti kabla ya kukigandisha. Ule unyevu unaonyesha takriban kitakavyokuwa chini ya vanishi. Fanyia mbali na meza, kwa sababu kama imepakwa sheleki, ile vanishi ya zamani, spiriti itaiyeyusha. Chagua kilicho cheupe kidogo kuliko meza. Kukoleza ni rahisi, kupausha ni taabu, na mahogani huzidi kukolea ikipata mwanga.

Msasa240
Gundi nyeupe ya mbao inatosha, tusimtishe mwenzetu. Bana usiku kucha, kazi imekwisha.

MamaSamani
Kushika itashika, ndugu yangu. Lakini meza ya umri huo huenda iligandishwa kwa gundi ya ngozi, ile inayopikwa kwa ngozi za wanyama, na hiyo hulainika kwa maji ya moto. Tunu, weka tone la maji ya moto ndani ya pengo. Mabaki yakianza kunata, ndiyo yenyewe. Nayo ukiitumia, atakayeitengeneza meza hii baada yako ataweza kukitoa kiraka bila kuvunja kitu. Gundi nyeupe inamnyima nafasi hiyo. Yoyote utakayochagua, kwangua ya zamani kwanza hadi mbao ionekane.

Msasa240
Hilo la kutoa kiraka baadaye nimelikubali. Basi niongeze yangu: ukibana, weka plastiki juu ya kiraka, halafu kibao tambarare, ndipo klempu. Gundi iliyovuja uifute mara moja, kwa sababu inapokaukia juu ya mbao, rangi haiingii. Kusawazisha tumia patasi au kikwangulio kwanza. Msasa uje mwishoni, ule laini wa namba 240, umefungwa kwenye kibao kidogo, juu ya kiraka tu. Vinia ya jirani ukiitoboa umejiongezea pengo la nne.

Tunu_M
Nimewaelewa vizuri. Swali la mwisho: ile kona haina ukuta upande wa nje, mtumbwi nitaukataje?

RandaKali
Kona haihitaji mtumbwi mzima, nusu yake inatosha. Mshazari uwe upande wa ndani tu, unapokutana na vinia ya zamani. Upande wa nje acha kiraka kizidi ukingo kwa milimita 2 hivi, ukigandishe hivyohivyo. Gundi ikishakauka, punguza ziada kwa patasi kali ukielekeza makali kutoka uso wa juu kwenda chini, huku kibao kimebanwa kwa chini kuzuia mpasuko. Usikate kutoka chini kwenda juu, utakinyanyua kiraka.

Tunu_M
Sawa mkuu. Naanza na kugonga kwa ukucha leo, nitaleta picha gundi ikikauka.