Wells alifanya watu wa chini kuwa wabaya juu ya nini?

Msomaji_Katuba
Jambo bandugu. Nimemaliza kile kitabu The Time Machine cha 1895, cha H.G. Wells, mwandishi wa Uingereza, mtu anapanda mashine ya kusafiri mu wakati anafika mwaka 802,701. Juu kuko Eloi, wazuri, hakuna kazi wanafanya, chini ya udongo kuko Morlock na mamashine yao, usiku wanapanda kukula Eloi. Ule msafiri anawaza eti ni matajiri na wafanyakazi wa Uingereza, walitengana mpaka wakakuwa viumbe viwili. Sasa baba yangu alishuka mu mugodi miaka mingi, inaniuma sana, juu ya nini mtu wa chini njo anakula wengine? Wells alikuwa upande wa nani?

Mwalimu_Kamalondo
Mudogo yangu usimuhukumu mbio. Mama yake alisimamia watumishi mu nyumba kubwa ya matajiri kule Uingereza, inaitwa Uppark, na pale kuko njia chini ya udongo watumishi wanapita mabwana wasiwaone. Wells mwenyewe akiwa kijana walimuweka mu duka ya vitambaa, akateseka sana, akatoroka. Ile chini aliijua. Na Morlock hawakujichimbia shimo, walisukumwa mule.

Fundi_Ruashi
Mwalimu nakuheshimu ila hapo sikubali. Weena wa Eloi ana jina, tunamulilia, Morlock hata mumoja hana jina. Miye napenda Čapek, mwandishi wa Kicheki, tamthilia yake R.U.R. ya 1920 njo ilileta neno roboti, linatoka kwa robota, kwa Kicheki ni kazi ya kulazimishwa. Maroboti yake yanaongea, yanaasi, yanamaliza watu wote wanaacha mumoja tu, Alquist, juu waliona anatumika na mikono sawa wao

Mama_Kenya
Filme ya Metropolis, 1927, wafanyakazi wanakaa mu mji wa chini, mwisho mukubwa wao na patro, mwenye mji, wanapeana mikono. Nililia siku ile lakini nikajiuliza kesho asubuhi nani anashuka? Na hapa kwetu Lubumbashi hawakungoja miaka maelfu, mji ulianza 1910 na wakoloni wakaacha uwanja mutupu kati ya wazungu na cité, mtaa ya weusi, pale Kamalondo ya mwalimu.

Msomaji_Katuba
Aksanti yaya zangu. Baba alikuwa ananiuliza nasoma nini, nilimuficha. Leo jioni namuelezea ya Alquist.