apt, dnf ama pacman (komandi za kuinstol programu kwa Linux): ipi yafaa mashine za saiba?

Bakari_Kisauni: Salaam aleikum wadau. Nina mashine kadhaa za saiba hapa Kisauni, zote Linux Mint 22, yatumia apt, sasa kuna kijana aniambia nizihamishe Fedora, Linux nyingine ya dnf, ati ndio ya kisasa. Mie apt nimeizoea, vidole vyajiendea vyenyewe. Komandi zabadilika sana? Na bando langu si la kuchezea.

PwaniTux: Waaleikum salaam kaka. Kuinstol hakuna shida, apt install gimp yawa dnf install gimp, Linux ya openSUSE ni zypper in gimp, ya Arch ni pacman -S gimp. Balaa liko kwa update. Kwa apt, update yaleta orodha mpya tu, programu haiguswi mpaka uandike upgrade. Kwa dnf hizo mbili ni kitu kimoja, wewe wadhani waangalia orodha kumbe ukishabonyeza y bando laenda. Ukitaka kuchungulia tu ni dnf check-update.

dada_terminali: Lakini dnf ina history bana. Waandika dnf history list, waona kila badiliko lililofanywa na namba yake, halafu dnf history undo na ile namba yarudisha. Apt ya Mint 22 haina hiyo, utasoma /var/log/apt/history.log mwenyewe kisha utoe kimoja kimoja. Ila toleo la zamani likishaondolewa kwa ripozitori, lile ghala la programu mtandaoni, hata hiyo undo yaweza kugoma.

arch_wa_Likoni: pacman ndio mambo yote 😂 herufi tatu tu, -Syu, mashine nzima mpya.

PwaniTux: Kwa saiba? Wacha bwana. Mtu aandike -Sy kisha jina la programu bila ile u ya kuapdeti vyote, aingize kipya juu ya laibrari za zamani (faili ambazo programu nyingi zazitegemea), asubuhi wateja wapo mlangoni na mashine zimegoma. Arch wenyewe wasema hawasapoti kuapdeti nusunusu.

dada_terminali: Bakari kwa hilo la bando, tumia apt-get badala ya apt kwa mashine moja. apt ikimaliza kuinstol yafuta zile .deb (faili za programu ilizopakua), apt-get yaziacha kwa /var/cache/apt/archives. Zitie kwa flashi, nenda mashine ya pili, ingia kwa hilo folda uandike sudo apt install ./*.deb, umepakua mara moja tu. Mashine ziwe toleo moja lakini, usichanganye.

Bakari_Kisauni: Hiyo ya flashi sikuwa naijua wallahi. Basi nabaki Mint, kijana nitampa ile mashine ya pembeni aweke Fedora yake.

PwaniTux: Mwambie atie keepcache=True kwa /etc/dnf/dnf.conf kabla ya kuinstol chochote, la sivyo dnf nayo yafuta ilichopakua.