Tupeane uzoefu: mnyama aliyekuokoa, ulimlipa nini?

Baba Pacha: Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa anaitwa Bobi, koko tu, hana ukoo wa kujivunia. Miaka sita iliyopita aliniamsha usiku wa manane kwa kuvuta chandarua mpaka kikachanika. Nilimfokea, nikamrushia kandambili. Hakutoka. Akaja akang'ang'ania shuka. Hapo ndipo pua yangu ilipozinduka: waya wa jokofu ulikuwa unaungua sebuleni na pazia lilishashika moto. Nilipofika kwenye korido Bobi alikwishatangulia, anabwekea mlango wa chumba cha watoto.

Tulitoka wote wazima. Wiki ile alikula nyama kama bwana harusi. Wiki iliyofuata akarudishiwa makombo yake, maisha yakaendelea. Sasa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, anakojoa barazani, na hapa nyumbani kuna mjadala kwamba aondolewe. Ndiyo maana nauliza. Kama uliwahi kuokolewa na mnyama, tuambie ilikuwaje, na baada ya hapo ulimfanyia nini.

Binti Mdogo: Kaka, huo mjadala uufunge leo hii. Nimemaliza.

Mzee wa Kona: Mimi sitaki kuongeza chumvi. Paka wangu alinikanyaga usoni alfajiri, nikaamka nikakuta mtungi wa gesi unavuja. Sikugusa swichi wala kiberiti, nikafunga valvu, nikafungua madirisha, tukatoka nje. Majirani wanamwita shujaa. Kwa maoni yangu alikuwa na njaa, maana tuliporudi ndani alikwenda moja kwa moja akaketi mbele ya kibakuli chake, ananitazama kama mtu anayedai kodi. Nilimjazia. Na tangu siku hiyo hakuna anayemfukuza jikoni, hata akipanda mezani.

Fimbo Nyeupe: Naandika kwa simu inayonisomea, mnisamehe herufi zikikosewa. Sioni tangu utotoni. Nilitembea na mbwa mwongozo kwa miaka minane. Watu hudhani mbwa ndiye anayejua njia. Njia naijua mimi. Yeye kazi yake ni kunipitisha salama. Na kuna jambo moja wanafundishwa ambalo huwashangaza wengi: kukataa amri. Siku moja nilisikiliza barabara, kimya kabisa, nikamwambia twende. Akasimama. Nikarudia kwa ukali. Akajigeuza akaniziba miguu kwa ubavu wake. Kisha nikasikia upepo wa gari ukipita, shati likapepea. Lilikuwa gari la umeme, halina mlio. Nilibaki nimeshika ule mpini wa mkanda wake, mkono unatetemeka mpaka naye akaanza kunilamba.

Kumlipa? Kila jioni nilimvua mkanda na akaruhusiwa kuwa mpumbavu, akimbie na kiatu changu. Alipostaafu nilibaki naye. Ila nyie wengine mkitaka kumuenzi mbwa wa namna hii, msimshike wala kumwita akiwa amevaa mkanda. Hamjui mara ngapi nimegonga nguzo kwa sababu ya mtu mwenye upendo.

Mchana Kweupe: Haya, mbwa nimekubali, paka nimekubali kwa shingo upande. Kesho mtatuletea panya.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, umejileta mwenyewe. Panya buku aliyeitwa Magawa alizaliwa na kufunzwa Tanzania, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Shirika la APOPO ndilo lililomfunza. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, panya wa kwanza kuipata. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2 tu, kwa hiyo hata akikanyaga bomu halilipuki. Akinusa baruti anakwangua udongo, anapewa zawadi yake, anaendelea. Vyuma chakavu havimhusu, na hapo ndipo anapomshinda mtu mwenye kifaa cha kutafuta chuma, anayelazimika kusimama kwenye kila kizibo cha soda. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Wenzake wengine wamefunzwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Sasa niambie wewe umefanya nini tangu 2020.

Mchana Kweupe: 😂😂 Shikamoo mwalimu. Nimekaa chini.

Daktari wa Ng'ombe: Jambo dogo la kitaalamu kabla halijasahaulika. Baba Pacha, Bobi alikohoa baada ya ule moto? Nauliza kwa faida ya wengine. Moshi huumiza mapafu ya mnyama kama unavyoumiza yetu, na dalili huweza kujitokeza baada ya saa nyingi. Watu hukumbatiana, hupiga picha na mbwa, halafu keshokutwa yake wanamleta kwangu wakisema ghafla tu hapumui vizuri. Mpelekeni siku hiyohiyo. Na huyo mzee anayekojoa barazani apimwe mkojo na figo kabla hamjamhukumu, huenda ni kitu cha dawa.

Baba Pacha: Daktari, alikohoa siku mbili na mimi nilidhani ni vumbi. Hapo umenipiga palipo na kidonda. Nitampeleka kesho asubuhi.

Binti Mdogo: Na mjadala?

Baba Pacha: Nimemsomea mama watoto majibu yenu yote, hadi la panya. Hajasema kitu. Ila sasa hivi nimemwona anakunja kile chandarua kilichochanika, ambacho miaka yote hii hakuna aliyekishona wala kukitupa, anamtandikia Bobi barazani.

Mzee wa Kona: Mwekee na plastiki chini yake, utanishukuru.