Kano kubanwa begani: mfupa uchongwe au misuli ifanyishwe kazi?

Tabibu_Kisauni ameuliza:

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa viungo.

Kuna fundi rangi wa miaka 48, mkono wa kazi ni wa kulia, na bega hilo linamuuma mwezi wa tano sasa. Maumivu yako upande wa nje, chini kidogo ya ncha ya bega, na hushuka hadi katikati ya mkono wa juu bila kufika kiwikoni. Akiinua mkono kwa ubavuni huanza kuuma karibu na nyuzi 60, hukolea kwenye 90, akishapita 120 hupungua. Kuvaa kanzu ni mtihani na kulalia upande huo hawezi. Mtu mwingine akimshika mkono na kuuinua, unafika juu. Hana ganzi, hakuanguka. Ana kisukari anachotibu kwa vidonge.

Ameshachomwa sindano moja ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), ikampa nafuu kwa wiki chache, kisha maumivu yakarudi. Ripoti ya eksirei inasema ncha ya bega ina umbo la ndoana, na ameshauriwa ndoana hiyo ichongwe kwa upasuaji wa matundu madogo.

Je, ni kweli ndoana ndiyo inayomuumiza? Utafiti unasemaje juu ya upasuaji huo? Na kama dawa ni mazoezi, tafadhali nipeni kipimo chake kamili, kwani "afanye mazoezi" ameshaambiwa, na aliondoka bila kujua afanye nini.

Mifupa_Mvita:

Waaleikum salaam daktari. Nianze na ndoana, maana hapo ndipo wagonjwa wengi hupotezwa.

Wazo la kwamba mfupa wa juu unaikwaruza kano lilienezwa na mpasuaji wa Marekani, Charles Neer, mwaka 1972. Kano ya suprasipinatasi (msuli wa juu ya kombe la bega unaosaidia kuinua mkono) na kifuko cha ute kilicho juu yake hupita kwenye nafasi ya takriban sentimita moja chini ya ncha ya bega. Neer aliona kwamba mkono ukipanda, vitu hivyo hubanwa hapo, na tiba yake ikawa kukata sehemu ya mbele ya ncha. Mwaka 1986 Bigliani na wenzake wakazigawa ncha kwa maumbo matatu: bapa, iliyopinda, na yenye ndoana. Tangu hapo ripoti za eksirei zikajaa ndoana.

Lakini wazo hilo lina matundu. Kano ikikwaruzwa na mfupa ulio juu yake, ingechakaa kwa juu. Lakini michaniko mingi isiyopenya kano nzima huanzia upande wa chini, ule unaotazama kiungo. Ndoana nayo mara nyingi ni mfupa uliomea polepole pale ukano (utepe unaounganisha mfupa na mfupa) unaposhikana na ncha, huongezeka na umri, na huonekana hata kwa watu wasioumwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliyapima kwa ultrasaundi mabega ya wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70 wasio na maumivu yoyote. Asilimia 96 walikutwa na kasoro fulani: kifuko kilichonenepa, kano iliyochakaa, mchaniko na kadhalika. Mpige fundi wako picha ya bega la kushoto lisilouma, na huenda ukaandikiwa ripoti ndefu vilevile.

Kinachoelezea vizuri zaidi ni mzigo. Kano ni tishu hai: ikiongezewa kazi kidogo kidogo hujengeka, ikitwikwa ghafla kuliko ilivyozoea huuma na kupoteza nguvu. Fundi rangi aliyekaa wiki tatu bila kazi, kisha akapata dari za nyumba nzima kwa siku nne, ndiye mgonjwa hasa wa bega hili. Kisukari hufanya nyuzi za kano zikakamae na zipone taratibu. Sigara nayo haisaidii.

Sasa upasuaji. Utafiti wa CSAW wa Uingereza, uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet 2018, ulikuwa na wagonjwa 313 katika hospitali 32. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja walichongwa mfupa, la pili walitobolewa na kuchunguzwa kwa kamera bila kukatwa chochote, la tatu hawakutibiwa, waliangaliwa tu. Baada ya miezi 6, waliochongwa na waliochunguzwa tu walikuwa sawa. Makundi hayo mawili yaliwazidi kidogo wasiotibiwa, lakini kwa tofauti ndogo mno kuleta maana kwa mgonjwa. Mwaka huohuo Finland wakatoa utafiti wa FIMPACT kwenye jarida la BMJ, wagonjwa 210: kuchongwa, kutobolewa tu, au mazoezi. Miaka 2 baadaye kuchongwa hakukuwa na faida juu ya kutobolewa tu, na hata mbele ya mazoezi tofauti haikufikia kiwango cha maana. Walipofuatiliwa hadi miaka 5, hali ilikuwa ileile. Mwaka 2019 jopo la BMJ likatoa pendekezo zito la kutofanya upasuaji huu kwa maumivu ya aina hii.

Kwa hiyo mfupa wa fundi huyu uachwe. Nikumbushe tu kwamba tafiti zote mbili ziliwaacha nje wenye kano iliyochanika kabisa. Aliyeanguka kwenye ngazi na ghafla akashindwa kuinua mkono ni habari nyingine. Huyo apelekwe kwa mpasuaji mapema, ndani ya wiki chache, kabla misuli haijanywea. Na hiyo eksirei mliyonayo itumieni kwa kazi moja yenye faida: pimeni nafasi iliyo kati ya ncha na kichwa cha mfupa wa mkono. Ikiwa chini ya milimita 7, shukuni mchaniko mkubwa.

Fizio_Likoni:

Nakubaliana na ndugu Mifupa. Mimi nijibu la kipimo.

Kabla ya yote hakikisha si bega lililoganda (kiungo chenyewe kimekakamaa), hasa kwa kuwa ana kisukari. Mketishe, kiwiko kigande ubavuni kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, kisha wewe mwenyewe umzungushie mkono kwa nje. Ukigota mapema ukilinganisha na wa kushoto, hiyo si kano, na mazoezi nitakayoyataja yatamtesa bure. Kwa maelezo yako mkono unafika juu ukisaidiwa, lakini zungusha kwa nje pia uone.

Wiki mbili za kwanza misuli ifanye kazi bila mkono kusogea. Taulo iliyokunjwa ibanwe kati ya kiwiko na mbavu, kiwiko nyuzi 90, asimame ubavu ukielekea ukuta. Asukume ukuta kwa mgongo wa kiganja, nguvu kama nusu ya aliyonayo, ahesabu sekunde 30 hadi 45. Mara 5, akipumzika dakika moja kati ya kila moja, asubuhi na jioni. Wengi maumivu hutulia kidogo papo hapo.

Kuanzia wiki ya tatu aingie kwenye mpira. Mikanda ya dukani ni mizuri, lakini ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli unafanya kazi ileile: upana wa vidole viwili, urefu wa mita moja na nusu, ufungwe kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Taulo ibaki palepale. Avute kwa nje kwa sekunde 2, arudi kwa sekunde 4. Raundi 3 za mara 12, siku 3 kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Hapo kuna makosa matatu ninayotaka uyakague kwa macho. Taulo ikidondoka, kiwiko kimetoka ubavuni na bega linaibia. Mpira ukilegea mwanzoni mwa mvuto, asogee hatua moja mbali na dirisha, kwani nusu ya zoezi inapotea. Na akirudisha mkono kwa kuuachia uvutwe, sehemu yenye faida kubwa imekwenda. Ni kule kurudi polepole kunakoizoesha kano mzigo.

Siku hizohizo aongeze mawili: kuvuta mpira kwa mikono yote miwili kuelekea tumboni, makombe ya bega yakikaribiana, na kujisukuma ukutani. Kwenye ukuta, mikono ikishanyooka, asukume kidogo zaidi mpaka mgongo wa juu utune. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachoiamsha misuli inayolishika kombe la bega.

Wiki ya sita, kama raundi 3 za mara 15 zinapita bila shida, aanze kuinua. Mkono usipande ubavuni moja kwa moja. Uwe mbele ya ubavu kwa nyuzi 30 hivi, kidole gumba kikitazama juu. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, ya lita moja ni kilo moja, hakuna haja ya kununua chuma. Raundi 3 za mara 8 hadi 12 mpaka usawa wa bega, kisha juu zaidi kadiri anavyoweza. Akifika mara 12 raundi zote kwa siku mbili mfululizo, apandishe nusu kilo. Akibaki na chupa ileile wiki nne, hajengi kitu. Huyu kazi yake ni juu ya kichwa, kwa hiyo kufikia wiki ya 10 hadi 12 awe anasukuma kilo 3 au 4 juu ya kichwa. Rola iliyolowa rangi kwenye fimbo ndefu ni mzigo wa kweli.

Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa hadi 4 kwenye 10, mradi kesho asubuhi bega liwe lilivyokuwa jana. Likiamka vibaya, apunguze theluthi moja ya mzigo au marudio, asiache. Kuacha kabisa au kufunga mkono kwa kitambaa shingoni huongeza ukakamavu. Umwambie pia mapema kwamba wiki tatu za mwanzo mabadiliko ni madogo. Wengi wanaoacha huacha hapo.

Mifupa_Mvita:

Mpango mzuri, dada Fizio, ila niongeze kitu kuhusu idadi ya safari za kliniki. Utafiti wa GRASP wa Uingereza, The Lancet 2021, watu 708, ulilinganisha mafunzo ya hadi vikao 6 na kikao kimoja tu cha hadi saa nzima, chenye maelezo mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Kwa mwaka mzima hakukuwa na tofauti. Fundi anayelipwa kwa siku, na pengine anavuka feri kuja kliniki, hana haja ya kuitwa kila wiki.

Fizio_Likoni:

Ni kweli, lakini tusiusome kama "mazoezi yoyote yanatosha". Wote kwenye GRASP walipewa mazoezi na maelezo. Ukitazama utafiti wa Sweden wa 2012, wagonjwa 102 waliokuwa wakisubiri upasuaji: waliofanya mazoezi maalumu ya kano na kombe la bega kwa wiki 12, asilimia 20 ndio waliochagua kupasuliwa, waliofanya mazoezi ya jumla ya shingo na bega bila mzigo, asilimia 63. Basi kikao kimoja kiwe kirefu, atoke akiwa amefanya kila zoezi mbele yako, na umpigie simu wiki ya tatu na ya sita. Simu hizo mbili nazisisitiza.

Dawa_Makadara:

Kuhusu sindano, kwa sababu najua atairudia tu asipoelezwa. Katika GRASP hiyohiyo nusu ya wagonjwa walichomwa steroidi. Faida ilionekana kwenye wiki ya 8, ndogo, na baadaye ikayeyuka. Matumizi yake mazuri ni kwa asiyelala usiku kabisa na asiyeweza hata kuanza zoezi la ukutani. Unamfungulia mlango, anaingia kwenye mazoezi. Fundi wako alichomwa akaachwa bila mazoezi, huenda ndiyo maana maumivu yamerudi.

Akichomwa tena, miligramu 40 za steroidi, yaani triamkinoloni au methiliprednisoloni, pamoja na dawa ya ganzi zinatosha. Sindano iingie kwenye kifuko, isiingie ndani ya kano: ukihisi ukinzani mkubwa unaposukuma, rudisha sindano nyuma kidogo. Asizidishe tatu kwa mwaka, na wiki mbili za mwanzo asibebe vizito, kwani maumivu yamefichwa na kano haijapona. Kwa kisukari chake, sukari itapanda kwa siku kadhaa. Apime kila asubuhi wiki nzima, na kama tayari iko juu hovyo, ahirisha.

Diklofenaki (vidonge vya maumivu) za kununua dukani nazo muulize. Kisukari, presha na diklofenaki ya kila siku kwa miezi mitano ni hatari kwa figo. Mpime kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kabla hujamwandikia nyingine.

Tabibu_Kisauni:

Shukrani sana. Nimemzungusha mkono kwa nje, unaenda sawa na wa kushoto. Nguvu ya kusukuma nje ipo ila inauma. Swali la mwisho: hawezi kuacha kazi. Afanyeje wakati anapaka?

Fizio_Likoni:

Hiyo ni dalili njema, endelea na mpango. Asiache kazi, abadilishe urefu. Jukwaa lipandishwe kwa sentimita 30 hadi 40 ili rola ifanye kazi usawa wa uso badala ya juu ya kichwa. Fimbo ya rola iwe ndefu, mikono yote miwili iishike, mmoja chini usawa wa kitovu. Dari asifanye siku nzima. Dakika 20 dari, dakika 20 kuta za chini au kukwangua, zamu kwa zamu. Ndoo ya lita 20 aigawe mbili, na asiipandishe jukwaani kwa mkono mmoja ulionyooka. Usiku alalie kushoto akikumbatia mto mnene, mkono wa kulia ukae juu ya mto bila kuning'inia kifuani.

Mifupa_Mvita:

Umpe wiki 12. Ikiwa zimepita, amefanya kwa uaminifu, na hakuna nafuu yoyote, mpeleke ultrasaundi ya kano. Usingoje wiki hizo akipata homa na bega kuvimba, nguvu kupotea ghafla, ganzi inayoshuka mpaka vidoleni, au akisema bega linauma anapopanda ngazi hata mkono ukiwa umetulia. Hilo la mwisho, kwa mwenye kisukari wa umri wake, likiwa begani kulia au kushoto, kwanza ni ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwani huenda ni moyo.