Binti yangu anaangusha wote ku mazoezi, siku ya mashindano anaishiwa nguvu. Nifanye je?

Mama_Kadutu
Bandugu na bamama habari zenu. Niko Bukavu, Congo, niko na binti wa miaka 14, anachezaka judo tangu alikuwa na miaka 9. Ku mazoezi hana shida hata moja, anaangusha hata bavulana benye kumupita kilo, nimeona na macho yangu. Lakini siku ya mashindano anakuwa mutu mwingine. Usiku halali, asubuhi anakatala kula, anaenda choo mara tatu mara ine, mikono baridi sawa maji ya ziwa, na wakimuita ku tatami (mikeka ya kupigania) namuona anatembea sawa mutu mwenye wanapeleka polisi. Mara ya mwisho alipigwa ippon (pointi kamili, pambano linaisha pale pale) hata sijamaliza kufungua telefone nimupige picha!! Na ule binti mwenye alimushinda, wiki moja kabla binti yangu alikuwa amemuangusha mara mbili ku mazoezi.

Maitre (mwalimu) wake anamupigia kelele mbele ya watu eti kichwa yake ni ya karatasi, na mwenye kupoteza anapigaka pompi 100 (kulala chini na kujisukuma na mikono) wenzake wanaangalia. Baba yake anasema tumutoe, feza inaisha bure. Mie sitaki. Je kichwa ya mutoto inafundishwaka sawa vile mwili, ao mutu anazaliwaka nayo?

Chuma_Nguba
Mama usimulegeze mutoto. Sisi tulifundishwa na fimbo na tuko hapa. Mutoto wa Bukavu tayari amekomaa, ameona vita, ameona njaa, ataogopa mutoto mwenzake mwenye kuvaa kimono? Pompi 100 haijaua mutu. Batoto ba leo wanabembelezwa sana njo maana.

Muganga_Mdogo
@Chuma_Nguba kaka pole lakini hapo nakukatalia. Kuona vita hakumfanyi mtoto awe chuma, kuna wenye wakisikia mlango unagongwa tu moyo unaruka, nawapokea kazini.

Mama, hiyo ya choo na mikono baridi siyo woga wa kijinga. Mwili ukiona hatari unamwaga adrenalini, damu inatoka tumboni na kwenye ngozi inaenda kwenye misuli mikubwa, njo maana tumbo linavurugika na vidole vinakuwa baridi. Hata mabingwa inawapataka. Tofauti ni mtu anajiambia nini akisikia hivyo. Binti yako anasikia moyo unapiga anasema "nimekwisha". Afundishwe kusema "mwili wangu umewaka, uko tayari". Kumwambia "tulia tulia" hakusaidiaki, nani ametuliaka kwa sababu ameambiwa tulia? Na pumuzi: avute hewa akihesabu 4, aitoe pole pole akihesabu 6, dakika mbili tatu. Kutoa hewa kirefu njo kunapunguza mwendo wa moyo. Lakini aanze leo kila jioni, akingojea siku yenyewe ndiyo ajifunze haitamsaidia kitu. Kula pia, ndizi ya kupika masaa matatu kabla ya pambano, bugali nzito hapana.

Na ya pompi, mnamjua Popole Misenga? Ni mutoto wa Bukavu hapa hapa, vita vilimtenga na familia akiwa mdogo, judo alijifunzia Kinshasa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akipoteza pambano walikuwa wanamfungia na kumnyima chakula. Sasa hiyo fimbo ilileta nini? Mwaka 2013 walimpeleka Rio ku mashindano ya dunia, yeye na mwenzake wa judo Yolande Mabika, wakabaki huko huko, wakaomba ukimbizi Brazil. 2016 Olimpiki ya Rio Popole akaingia na timu ya wakimbizi, akashinda pambano la kwanza, la pili akapoteza kwa Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini mwenye alikuwa bingwa wa dunia, na ukumbi wote ulikuwa unamshangilia yeye.

Chuma_Nguba
Sawa hiyo ya Popole sikuijua. Lakini hata kumubembeleza kila saa si dawa.

Mukanda_Mweusi
Hapo Chuma ana haki kidogo. Mie nilicheza judo miaka mingi na sasa nasaidia batoto. Mama, kichwa inafundishwaka, lakini haifundishwaki na maneno, inafundishwa ndani ya mazoezi. Shida ya binti yako naijua: ku mazoezi akianguka anaamuka wanaendelea, hakuna kitu inapotea. Halafu siku moja kila kitu inahesabiwa, makelele, referee, watu wageni. Ni sawa kujifunza kuogelea ndani ya beseni halafu wanakutupa ziwani.

Mie batoto bangu nawaanzishaka randori (pambano la mazoezi) wakiwa tayari nyuma: unadaiwa waza-ari moja (pointi ya chini ya ippon), imebaki dakika moja, haya hajime (anza)! Wengine wote wanakaa pembeni wanapiga kelele, wanamzomea kidogo. Wa kwanza analia, mara ya tano anacheka, mara ya kumi anajua akiwa nyuma afanye nini. Siku ingine namuwekea mwenzake juu, ameshabanwa chini, sekunde 20 zikiisha ni ippon, atoke. Hiyo ni ugumu, @Chuma_Nguba, lakini ni ugumu wenye kufundisha kitu. Pompi ya mbele ya watu inafundisha haya tu.

Kitu ingine: awe na mambo yake ya kufanya kila mara mbele ya kuingia, sawa sawa, hata ku mazoezi. Kufunga mukanda upya, kupiga mapaja mara mbili, kupumua, kutaja kitu MOJA ("mkono wa kuume ushike kola kwanza"). Asiseme "nishinde", kushinda haiko mikononi mwake, kushika kola iko.

Na swali, usikasirike mama: mukiwa njiani mukirudi, unamuambiaka nini?

Golikipa_Goma
Nilikuwa golikipa, naongeza moja. Munakumbuka tarehe 28 mwezi wa kwanza 2024, Kombe la Afrika, sisi na Misri? Penaliti zikaenda mpaka makipa. Gabaski wa Misri akapiga mwamba, Lionel Mpasi wetu akaja akafunga, 8-7, huku watu walitoka inje na masufuria usiku. Lakini haikupita wiki mbili, tukacheza na Afrika ya Kusini nafasi ya tatu, penaliti tena, na tukapoteza 6-5. Mutu hakuita timu kichwa ya karatasi.

Mama_Kadutu
@Mukanda_Mweusi swali yako ilinikata, siku mbili sikujibu.

Jumamosi tulikuwa tunafua ile kimono, ni ya chagua (mitumba), nilinunua dola 20 na namuambiaka kila mara eti hiyo ni feza ya unga. Nikamuuliza pole pole, nini unaogopaka, ule binti mwingine? Akanyamaza, akakamua mukono wa kimono, akasema: "Hapana mama. Mie nikiwa ku tatami naanzaka kuhesabu. Transport, kimono, ile siku haukuenda sokoni. Nikianguka nasema zote zimeanguka."

Na ni kweli, njiani naongeaka hiyo tu. Sikusema kwa ubaya, nilizani namutia nguvu.

Nimeongea na maitre pia. Pompi hajaitoa lakini amekubali wapigie nyuma ya jengo, si mbele ya watu. Ni kitu kidogo.

Mama_Kadutu (wiki tatu baadaye)
Nimerudi. Jana alikuwa na mashindano. Choo alienda mara mbili, kupumua alifanya, mukanda akafunga upya hata mara ine mpaka referee akamuangalia. Pambano ya kwanza alishinda!! Ya pili alipoteza, dakika ya tatu. Njiani mie nilifunga mudomo kabisa, nikanunua maandazi, akakula tano, halafu yeye mwenyewe akaanza kunielezea vile alianguka, na mikono, mpaka mutu wa kando ndani ya basi akasogea.

Chuma_Nguba
Hongera mama. Alipigwa na mbinu gani?

Mama_Kadutu
Anasema ni mambo ya muguu wa kushoto, alichelewa kuutoa. Mie sielewe kitu. Nimemupa telefone, anakuandikia sasa hivi.