Vinyago vya mpingo kwenda Ujerumani: kibali cha CITES ni cha nini hasa?

Kijana wa Mwenge
Wakubwa shikamooni. Nina kibanda pale Mwenge Vinyago, kazi nimerithi kwa baba. Mteja wa Ujerumani anataka vinyago 40 vya mpingo kwa mkupuo mmoja, mitindo ya ujamaa na mashetani, jumla kama kilo 65. Wakala wa mizigo anasema bila kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mzigo hauondoki. Mbona watalii wanabeba kila siku na hawaulizwi? Na huyo mwanabiolojia wa serikali anayekaa na karatasi yangu anatazama nini? Mti umeshakatwa, umeshachongwa.

Mzee wa Vibali
Marahaba mwanangu. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu. Mtalii haulizwi kwa sababu bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeachiwa. Wewe una 65. Mpingo uko Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo tangu Januari 2017: kuuza ruksa, ila kwa kibali. Kibali hakizidi miezi sita, kwa hiyo usikiombe kabla vinyago havijaisha. Mteja naye aombe cha kuingizia kwao, maana Umoja wa Ulaya unadai chake juu ya chetu.

Ama hilo swali lako la mwisho, ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Mwanabiolojia hatazami kinyago, anatazama msitu kilikotoka. Tukiendelea kuvuna hivi, mpingo utabaki pale? Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Fomu ikiandikwa "Lindi" tu, nilikuwa napiga simu: Lindi ipi, kijiji gani, mpango wa uvunaji upo? Wengi walinichukia.

Siku moja niliitwa uwanja wa ndege kutambua wanyama kwenye sanduku. Kobe wa chapati, kila mmoja kashindiliwa ndani ya soksi na kuzungushiwa tepu. Kobe huyu hutaga yai moja tu kwa mara. Niliwafungua mmoja mmoja, mikono ikitetemeka. Viumbe wa polepole namna hiyo huwezi kuwavua kama dagaa. Tangu 2019 yuko Kiambatisho cha Kwanza, wa porini hauzwi tena nje kibiashara. Mpingo sitaki ufike huko.

Mama Forodha
Mdogo wangu, kwenye ankara usiandike "ebony", huo ni mti mwingine kabisa. Andika Dalbergia melanoxylon, jina la kitaalamu la mpingo. Na hati ya kusafirishia magogo usiitupe.

Kijana wa Mwenge
Asanteni sana. Magogo nilinunua kwa mtu wa Kilwa. Risiti ninayo, ila jina la kijiji halipo. Nitampigia kesho.

Mzee wa Vibali
Mpigie leo. Akisema hakumbuki, usipeleke maombi kwanza, rudi hapa uniambie.