Majedwali mawili, tope lile lile, kina tofauti: nifuate lipi?

Mwanafunzi_Kikoni
Habari zenu wakubwa. Nasoma jiolojia Makerere, shahada ya pili. Msimamizi wangu anataka nilinganishe historia ya mvua ya Afrika Mashariki na tope la Bahari ya Hindi, kwa kuwa kumbukumbu ya Ziwa Victoria imekatika: ziwa lilikauka mwishoni mwa zama za barafu.

Nimepakua data za kituo U1476, mahali pa kuchimba tope la sakafu ya bahari, Mlango wa Msumbiji, kilichochimbwa na meli ya JOIDES Resolution mwaka 2016. Ninalo jedwali la melini, na jedwali la makala iliyotoka baadaye. Yote yanataja kina cha matabaka yale yale chini ya sakafu ya bahari. Juu juu kina kinakaribiana, lakini nikishuka namba zinazidi kuachana, mpaka mita kadhaa. Nani amekosea hapo?

Halafu nikishapima za kwangu, niziweke wapi? Kuna mkubwa mmoja kaniambia nizifungie hadi nivae joho.

Mama_Majedwali
Mdogo wangu, wote wako sawa. Tazama kichwa cha safu ya kina. La melini bila shaka limeandikwa CSF-A, la makala CCSF. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na kazi yangu hapa Entebbe ni kupigana na watu wanaoandika "kina (m)" tupu wakadhani wamemaliza.

Bomba la kuchimbia huleta nguzo ya tope ya mita 9.5 hivi, inakatwa vipande vya mita 1.5. Tope likitoka kwenye mgandamizo wa chini hutanuka, ndiyo maana utaona nguzo ndefu kuliko kina kilichochimbwa, asilimia mia na ushei. Papo hapo, kati ya nguzo moja na inayofuata kuna tope linalopotea, maana meli inapanda na kushuka na mawimbi. CSF-A inapima tu kutoka kichwa cha kila nguzo, kwa hiyo mkia wa moja unaweza kupandana na kichwa cha nyingine kwenye karatasi.

Dawa yake ni kuchimba tundu la pili na la tatu jirani, kisha kuoanisha matabaka kwa rangi na kwa usumaku wa tope, pengo la tundu A lizibwe na tundu D. Nguzo zikishapangwa hivyo unapata CCSF. Kila pengo lililozibwa linasukuma chini yote yanayofuata, ndiyo maana tofauti yako inakua. Usijaribu kuirekebisha kwa kuzidisha namba moja kote! Tafuta jedwali la kuhamisha kina, lina kiasi cha kila nguzo peke yake.

Kuhusu kufungia: waliokuwa melini hupewa mwaka mmoja wa kuzitumia peke yao, kisha zinafunguliwa kwa yeyote, awe Kampala au Kochi ya Japani. Wewe umekula kwa mlango huo huo. Ziweke PANGAEA, ile hazina ya data ya Ujerumani, au Zenodo. Zote zinatoa DOI, namba ya kudumu ya data, ambayo mtu ataitaja akizitumia. Kama unaogopa kutanguliwa, omba zifunguliwe makala ikitoka. Hiyo inakubalika.

Ila kila mstari ubebe jina kamili la sampuli, kwa mfano 361-U1476A-5H-3W, 50–52 cm. Safari, kituo na tundu, nguzo ya tano (H ni ya bomba la kusukumwa, si la kuzungushwa), kipande cha tatu, nusu ya kufanyia kazi, sentimita. Ukiniletea umri wa tope peke yake, siku kalenda ya matabaka ikirekebishwa nitakufanyia nini? Ukiwa na jina, mtu anahesabu upya bila kukutafuta.

Fundi_wa_Jinja
Mama kasema. Niongeze: hata kwenye ziwa letu ni hivyo hivyo, ila huko vipimo viwili ni vya umri: miaka ya radiokaboni inayotoka maabara, na miaka ya kawaida ya kalenda. Nimeona watu wakichukua miaka 12,400 ya radiokaboni ya tope la Victoria na kuipanga pamoja na miaka ya kawaida, wakati ikigeuzwa inakaribia 14,500. Weka umri wa maabara kama ulivyotoka, na uliogeuzwa safu ya pembeni.

Na ssebo, usipakue picha za nguzo kwa bando la siku. Majedwali ni mepesi.

Mwanafunzi_Kikoni
Asanteni sana. Nimekuta kweli CSF-A na CCSF. Sasa nilitaka pia kituo 241, kile cha nje ya pwani yetu ya Afrika Mashariki cha mwaka 1972, lakini sioni CCSF kabisa.

Mama_Majedwali
Hutaiona. Enzi za meli ya Glomar Challenger walichimba huko kwa bomba la kuzungushwa, tena wakiruka sehemu, na bila tundu la pili huna cha kuoanisha. Tumia kina chake kama kilivyo, na kwenye mchoro wako acha mapengo yaonekane. Usiyaunganishe kwa mstari.

Ukitaka tope lenyewe, nguzo za Bahari ya Hindi ziko ghala la Kochi, Japani. Sampuli hazilipiwi, unajaza ombi mtandaoni ukitaja kipande na sentimita na sababu. Mwambie msimamizi wako alisome kwanza, maana ukishapokea unawajibika kurudisha matokeo.